Kalandri ya motokari si sura tu: mambo ya kuangalia mbele ya kuibadilisha



Leo nataka tuongee juu ya piesi moja ambayo tunaiona kila siku na hatuifikirii: kalandri, ule wavu wa mbele wa motokari, katikati ya mafari, pale alama ya kampuni inakaa. Wenzetu wa Dar es Salaam na Nairobi wanaiita grili. Sisi huku Lubumbashi tumezoea kalandri, basi tuendelee nayo.

Mutauliza: jambo hili linaingia namna gani kwenye ukurasa wa watu waliosoma? Linaingia kwa njia ya mufuko. Vijana wengi wanaomaliza UNILU na masomo mengine ya juu hapa mujini hawapati kazi ya ofisi mara moja. Wanaunganisha makuta, watatu ao wane, wananunua motokari ya zamani, wanaanza kupakia watu na mizigo. Sisi pia tuko wane. Tulinunua Toyota Land Cruiser ya zamani, pikapu, ile watu wanaita HZJ75, ili ifanye njia ya Likasi na Mitwaba. Ilikuja na kalandri iliyovunjika: nusu ya vipande vya katikati havikuwa tena, na upande wa kushoto ilikuwa inashikwa na kamba ya waya. Ilipaswa kubadilishwa. Hapo ndipo mabishano yalianza kati yetu, na katika mabishano yale nilielewa kwamba kuko mambo ambayo kila mutu mwenye motokari ya zamani anapaswa kuyajua.

Mawazo yalikuwa matatu. Mwenzetu mumoja alitaka tuweke sura mupya, ile inayofanana na Land Cruiser za miaka hii, ili abiria wakiiona waseme motokari iko nguvu. Wa pili alitaka tuchomelee chuma kwa fundi wa jirani, kwa sababu ni bei ndogo na haivunjike na matawi. Mimi, kwa sababu nilisoma mambo ya mashine, nilitaka tutafute ya okazi, ya aina ileile iliyotoka nayo kiwandani. Tulikuwa na makuta ya kujaribu mara moja tu, hatukuwa nayo ya kujaribu mara tatu. Papa mumoja mekanisie, mwenye garaje tunayotengenezea, aliwaangalia wenzangu akasema: "Batoto, motokari inapumuaka na pua, hapana na sura." Nitaeleza neno lake kwa hesabu.

Kalandri inafanya kazi gani

Motere inachoma mazuti ili isukume magurudumu. Lakini nguvu yote ya mazuti haifike kwenye magurudumu. Kwa hesabu ya kukadiria ambayo vitabu vya mashine vinatumia, karibu sehemu moja ya tatu inakuwa kazi, sehemu moja ya tatu inatoka na moshi, na sehemu moja ya tatu inaingia katika maji ya motere kama moto. Ule moto wa maji unapaswa kutoka. Unatoka kwenye radiatere, na radiatere inaupoza kwa hewa. Hewa yenyewe inaingia wapi? Karibu yote inapitia kwenye kalandri.

Kwa hiyo kalandri iko na kazi mbili zinazopingana. Ya kwanza, kuacha hewa ipite. Ya pili, kuzuia mawe, matawi na takataka zisipige radiatere. Kalandri ya wazi sana inalinda kidogo. Kalandri ya kufunga sana inalinda vizuri lakini inanyima motere pumzi. Mafundi wa kiwanda walitafuta kipimo cha katikati. Ukiibadilisha, unagusa kipimo kile, hata kama wewe ulikuwa unafikiria urembo tu.

Kwa nini njia ya Mitwaba inauliza zaidi

Kutoka Lubumbashi mpaka Mitwaba ni zaidi ya kilomita 400. Mpaka Likasi, karibu kilomita 120, uko kwenye lami, unaenda vizuri. Kisha unaingia njia ya udongo. Hapo mambo matatu yanabadilika kwa wakati mumoja.

La kwanza ni mwendo. Kwenye lami, ukienda kilomita 80 kwa saa, upepo wenyewe unasukuma hewa ndani ya kalandri. Kwenye muchanga na mashimo unaenda kilomita 20 kwa saa, vitesi ya pili, motokari imejaa mahindi na watu. Musukumo wa upepo haupungue mara nne kama mwendo ulivyopungua. Unapungua mara 16, kwa sababu musukumo unafuata mwendo mara mwendo. Motere inalia kwa nguvu, na upepo wa bure haupo tena. Vantilatere inabaki peke yake kuvuta hewa. Kama kalandri inabana, inapata shida hapohapo.

La pili ni urefu wa inchi yetu. Lubumbashi iko karibu metre 1,200 juu ya bahari. Hapo hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa ao Dar es Salaam kwa karibu asilimia 11. Kila kipimo cha hewa kinachopita kwenye radiatere kinabeba moto kidogo zaidi kuliko kingebeba pwani. Tena, maji ya wazi hapa kwetu yanachemka karibu na digri 96, hayangoji 100. Ukipanda kwenye milima ya Kibara, upande wa Lusinga, ambako kuko kituo cha parki ya Upemba iliyoundwa mwaka wa 1939, hewa inapungua tena na maji yanachemka mapema tena. Kofia ya radiatere ndiyo inatuokoa, kwa sababu inafunga maji ndani na presha, na maji yenye presha yanakawia kuchemka. Kofia mubovu na kalandri ya kubana zikikutana kwenye mulima, motere itachemka.

La tatu ni vumbi na majani. Wakati wa kiangazi, vumbi nyekundu inaingia kila mahali. Baada ya mvua, majani yanakuwa marefu katikati ya njia, kati ya alama mbili za magurudumu, na motokari inayasukuma na pua yake. Mbegu zake zinaingia kwenye radiatere na kujaa kati ya vile vyuma vyembamba. Hapo dereva anasema motere imezeeka, kumbe pua imeziba.

Na ikichemka, unapoteza nini? Joanti ya kulasi inaungua, ao kulasi yenyewe inapasuka. Kwa motokari ya zamani, kutengeneza kulasi kunaweza kula faida ya miezi mingi. Lakini tusisahau watu. Kwenye njia hii nyuma ya pikapu kunakuwa wauzaji, wanafunzi, na mara nyingine mama mujamuzito ao mugonjwa anayepelekwa Likasi ao Lubumbashi. Motokari ikisimama katikati ya pori usiku, hakuna mutu atakayemwuliza dereva kama kalandri ilikuwa ya kupendeza.

Kuchagua: tuangalie yale mawazo matatu

Sura mupya. Land Cruiser za aina ya 70 zilitoka mwaka wa 1984. Motere ya 1HZ, ile ya silinda sita na litre 4.2, ilikuja mwaka wa 1990. Mwaka wa 1999 zile 75 ziliachia nafasi 78 na 79. Mwaka wa 2007 kampuni ilibadilisha sehemu ya mbele, ikaipanua. Jambo hili la 2007 ndilo wauzaji hawakuambie. Kalandri ya baada ya 2007 haiingii kwenye pua nyembamba ya zamani, hata kama jina la motokari ni moja. Ukiitaka, unapaswa kubadilisha pia kapo, magadi ya pembeni, mafari, mara nyingine na parshoki. Piesi moja inazaa piesi sita. Na zile za kuigiza, zenye herufi kubwa na mataa madogo ndani, nyingi ziko na mbele iliyofungwa kabisa: ukitazama vizuri, yale matundu ni rangi nyeusi tu, hakuna njia ya hewa.

Chuma ya kuchomelea. Wazo hili haliko baya, lakini linaomba hesabu. Tuseme umechukua wavu wenye tundu la milimetre 10 na waya wa milimetre 1. Nafasi ya wazi ni 10 gawanya kwa 11, mara yenyewe: karibu asilimia 83. Inafaa. Sasa chukua wavu wa kuzuia wadudu, tundu la milimetre 1.2 na waya wa milimetre 0.3. Nafasi ya wazi ni 1.2 gawanya kwa 1.5, mara yenyewe: asilimia 64. Umefunga zaidi ya sehemu moja ya tatu ya pua mbele hata vumbi haijafika. Vumbi na mbegu zikifika, inaziba haraka. Jambo la pili: chuma iliyokatwa iko na makali. Siku motokari itagusa mutoto ao mutu wa kinga njiani, yale makali yatamuumiza zaidi kuliko plastiki inayovunjika. Kama unachomelea, lainisha kila pembe, na usiache ncha yoyote inatoka nje.

Ya okazi ya aina ileile. Piesi za okazi zinafika hapa kwa njia mingi, nyingine zinapita Kasumbalesa. Ubaya wake ni kwamba plastiki ya zamani inakuwa kavu na inavunjika kama biskuti. Mbele ya kulipa, igeuze, uangalie nyuma. Angalia masikio yote ya kushikia kama yako mazima. Mara nyingi utakuta pia alama ya aina ya plastiki: ABS ao PP. Ikiwa ABS, ufa mudogo unaweza kutengenezwa: unachukua vipande vya ABS ileile, unaviyeyusha katika asetoni mpaka vinakuwa uji, unapakaza nyuma ya ufa na kuacha ukauke. Fanya kazi hiyo nje, mbali na moto, kwa sababu asetoni inawaka haraka. Ikiwa PP, asetoni haitafanya kitu, usipoteze wakati.

Tulipoweka hesabu hizi mezani, mwenzetu wa sura mupya alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na rangi je? Tunaweza kuipaka rangi?" Tukamwambia rangi ni ruhusa. Tukachukua ya okazi.

Namna ya kuibadilisha

Kazi yenyewe haiombi garaje kubwa. Unahitaji turnavisi mbili, ya msalaba na ya bapa, kle ya 10, na subira.

1. Acha motere ipoe kabisa. Fungua kapo. Kama kalandri yako iko na taa ao waya wowote, ondoa kwanza waya wa hasi wa batri.

2. Piga foto mbele ya kugusa kitu. Foto itakukumbusha kila kipande kilikaa wapi.

3. Ondoa visi za juu. Kisha tafuta klipsi za chini na za pembeni. Usivute kwa nguvu. Sukuma ulimi wa klipsi na turnavisi ya bapa, halafu vuta polepole. Kama ni asubuhi ya baridi ya mwezi wa sita, iache motokari kwenye jua kwanza, ao mimina maji ya uvuguvugu juu ya klipsi. Plastiki baridi inavunjika.

4. Laza ya zamani na ya mupya chini, moja pembeni ya ingine. Pima kati ya matundu ya visi, usipime kwa macho. Tofauti ya milimetre tano inatosha kukufanya ulazimishe, na ukilazimisha utapasua.

5. Kalandri ikiwa nje, osha radiatere. Hii ndiyo faida kubwa ya kazi hii, na watu wengi wanairuka. Maji yatoke upande wa motere kwenda mbele, ili uchafu urudi kule ulikotoka. Tumia maji ya polepole. Yale ya presha kubwa yanalaza vile vyuma vyembamba na kufunga njia ya hewa.

6. Angalia mipira ao vipande vya plastiki vinavyoziba nafasi kati ya kalandri na pembeni ya radiatere. Wengi wanavitupa wakifikiri ni takataka. Kazi yake ni kulazimisha hewa ipite ndani ya radiatere na kuzuia hewa ya moto ya motere isirudi mbele. Kama havipo, kata mpira wa zamani uvitengeneze.

7. Rudisha: klipsi kwanza, visi baadaye. Kaza mpaka ishike, usikaze zaidi. Kisha funga kapo na uifungue mara tatu. Hakikisha kufuli inashika na ile ndoano ya usalama haigusi kalandri. Kapo ikifunguka kwenye lami ya Likasi, hautaona njia.

8. Mwisho, angalia kitu gani kinasimama mbele ya kalandri. Mataa makubwa ya nyongeza, plaki iliyowekwa katikati, klaksoni ya kamio, vyuma vya kuzuia ng'ombe: kila kimoja kinaiba hewa kidogo. Vishushe ao uvisogeze pembeni.

Namna ya kujua kama imefaa

Usingoje mulima ukuambie. Kuko jaribio rahisi. Motere ikizunguka polepole na ikiwa ya moto, weka karatasi nyepesi mbele ya kalandri, upande wa nje. Vantilatere inapaswa kuivuta ishike. Jaribu juu, chini, kushoto na kulia. Mahali karatasi inaanguka, hewa haipiti vizuri. Mikono ibaki nje, isiingie karibu na vantilatere.

Jaribio la pili ni la njia. Chagua mupando mumoja unaoujua, mzigo uleule, saa ileile, na ulinganishe kabla na baada. Usitegemee sindano ya dashibodi peke yake, kwa sababu kwenye magari mengi imetengenezwa ikae katikati kwa muda mrefu, na ikianza kupanda umechelewa. Kile kipimo kidogo cha moto cha kulenga, wanachotumia mafundi wa umeme, kinatosha: lenga kichwa cha radiatere pale maji yanaingia, andika namba kwenye daftari, fanya vilevile baadaye. Mutu aliyesoma asiseme tu "nasikia imepoa". Aonyeshe namba.

Sisi tulifanya hivyo. Na ukweli ni kwamba hatukujua kwa hakika ni kalandri ao ni kule kuosha radiatere kulikosaidia zaidi, kwa sababu tulifanya vyote siku moja. Ungetaka kujua, ungefanya kimoja, ungepima, kisha kingine. Lakini namba zilishuka, na pikapu inapanda na mzigo bila kusimama kupoza motere.

Basi ndugu unayefikiria kununua motokari ya zamani na wenzako: mbele ya kuuliza bei ya rangi na ya viti, inama mbele yake. Weka jicho kwenye kalandri, uone kama unaona radiatere nyuma yake. Kama hauioni, hewa pia haitaiona. Na ukisikia muuzaji anasifu ile sura mupya aliyoiweka wiki iliyopita, muombe afungue kapo, uone aliondoa nini ili iingie.